Kiapo Mbele ya Kamera: Sehemu ya Kumi na Moja

Ilikuwa bastola.

Wale mlioniandikia wiki nzima mkiapa kwamba ndani ya lile taulo la maua kulikuwa na mkono wa mtu, poleni. Mkono ungekuwa nafuu. Mkono ukishakatwa umekatwa, hauna kazi tena. Bastola ilikuwa bado na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya siku ileile, mchana uleule.

Kaka Mkubwa Chin-hok, bosi wa genge, alilifunua taulo pembe kwa pembe, akaisogeza bastola katikati ya meza, baina ya birika na sahani ya njugu za kuchemsha. Kisha akatumiminia chai. Alianza na mimi kwa kuwa ndimi mkubwa kwa umri. Adabu zake zilinitisha kuliko bastola yenyewe.

"Kunyweni," alisema. "Sasa hivi ni saa saba na robo. Saa tisa kamili mdogo wangu Yen-ping anaingia kituo cha polisi na mzigo huu. Atasema, 'Ni mimi niliyempiga risasi yule mtu wa sokoni siku ya Ijumaa.' Basi. Sentensi moja. Kwenye sinema anapewa ndefu kuliko hiyo."

Wanaume saba waliokaa kwenye viti vyekundu vya plastiki walicheka. Mmoja alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni.

Fang Yen-ping, mwigizaji wetu, hakucheka. Alikuwa ameitumbulia macho ile bastola, na midomo yake ilikuwa myeupe kama ya maiti. Na mimi maiti za sinema nazipaka rangi kila mwaka, najua ninachosema.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nikukumbushe upesi, maana sina raha ya kusimulia haya mara mbili.

Mimi ni Khim, mpaka rangi wa sinema. Makovu, damu, michoro ya mgongoni, hiyo ndiyo kazi yangu. Tulikuwa hapa Sanchong, Taiwani, tukirekodi sinema ya magenge, na mwongozaji wetu, Bi Hsiung, alitaka nyuso za kweli. Akawaajiri watu wa genge la kweli wakae nyuma ya waigizaji. Nilimwambia asifanye hivyo. Akaniambia nishike brashi yangu.

Shida yake ilikuwa Yen-ping. Kijana mzuri, mabega mapana, lakini mtoto wa kambi ya familia za askari. Babu yake aliletwa kisiwani na meli ya jeshi kutoka bara, ng'ambo ya bahari, na nyumbani kwao ni Kimandarini mtindo mmoja. Sasa katika sinema zetu hakimu anaweza kusema Kimandarini, mwalimu vilevile. Mwanamume wa genge akifungua mdomo lazima kitoke Kitaiwani, tena kitokee tumboni. Cha Yen-ping kilitokea kwenye daftari. Wiki tatu wale wanaume walimcheka, na wiki tatu Bi Hsiung alimpigia kelele, "Unaigiza mwanamume, huwi mwanamume!"

Siku ya Jumanne tukarekodi kiapo cha udugu mbele ya Bwana Kuan, mungu mwenye uso mwekundu. Watu wa sinema hatuchezei mambo hayo. Sanamu ya kuigizia huwa mpya, haijafunguliwa macho na kuhani ili mungu aingie ndani, kwa hiyo ni mti tu. Mwigizaji hutaja jina la uongo na siku ya kuzaliwa ya uongo, ili mungu yeyote anayepita njia asimwandike.

Sanamu yetu ilianguka, ndevu zikavunjika. Mtunza vifaa akakimbia kuazima ile ya ukumbi wa genge, yenye macho yaliyofunguliwa, iliyofukiziwa udi miaka arobaini. Hakumwambia mtu.

Na Yen-ping, tulipofika mara ya saba ya kurudia, akayaacha maneno ya karatasini. Akataja jina lake. Akataja siku na saa aliyozaliwa. Akakata dole gumba kwa kisu cha kweli, damu ikachuruzika kwenye pombe ya mchele, na wale watu wa kweli wakainywa.

Bi Hsiung alilia kwa furaha. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, Mungu anisamehe.

Tuendelee, humo ukumbini mwa genge, mbele ya sanamu ileile iliyokwisha kurudishwa mahali pake.

"Kaka," alisema Bi Hsiung, "ile ilikuwa sinema."

"Kamera ni yako, Bi Mwongozaji. Mungu ni wetu." Chin-hok alimenya njugu. "Nikuulize. Alitaja jina la uongo?"

"Hapana, lakini..."

"Siku ya kuzaliwa ya uongo?"

"Hapana."

"Na damu? Tumuulize dada wa rangi. Damu ile ilitoka kwenye chupa yako, dada?"

Macho yote yakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ilikuwa yake," nilisema.

"Ahsante. Nampenda mtu mkweli." Akanisogezea sahani ya njugu. "Sasa sikilizeni. Mdogo wetu wa nne, Thiam, alighafilika Ijumaa akampiga mtu risasi ya paja. Mtu hajafa, yuko hospitali. Lakini Thiam ana kesi mbili za nyuma, akienda safari hii harudi. Huyu wetu mpya hana doa. Uso wake mabinti wanaupenda. Hakimu atamwonea huruma. Atakaa miaka mitano, akitoka anatoka mtu mzima mwenye jina."

Thiam alikuwa amekaa mwisho wa mstari, jitu lenye shingo nene, ameinamisha kichwa kama mtoto aliyechapwa.

"Na akikataa?" nilimuuliza Chin-hok. Sijui ujasiri ule niliupata wapi.

"Kiapo kina maneno yake. Yen-ping, tuambie yale maneno."

Yen-ping aliitazama sanamu. "Nikimwacha ndugu yangu," alisema kwa kile Kitaiwani chake cha kubahatisha, "mkono ulioshika udi ukatwe."

"Uliushika kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Wa kulia," alirudia Chin-hok kwa upole. Mtu mmoja akainuka akaenda jikoni. Nikasikia droo ikifunguliwa na vyuma vikigongana.

Simu zetu zilikuwa zimekusanywa ndani ya ndoo ya plastiki karibu na mlango. Nje nilisikia pikipiki zikipita na mwanamke akitangaza mapera kwa kipaza sauti, bei rahisi, matamu. Watu walikuwa wananunua mapera hatua ishirini kutoka pale tulipokaa.

Hapo ndipo Yen-ping alipofanya jambo ambalo hata mimi sikulitegemea.

Alinyoosha mkono akaiokota bastola.

"Nitakwenda," alisema.

Nilimzaba kofi. Msinihukumu, lilitoka lenyewe. Kofi likalia ukumbi mzima.

"Umerogwa? Miaka mitano, wewe! Baba yako akikuona kwenye televisheni na pingu mkononi, itakuwaje?"

"Baba atazima televisheni." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Dada Khim, nina miaka thelathini na moja. Shuleni niliitwa mtoto wa kambi. Sokoni nikiagiza supu, muuzaji ananijibu kwa Kimandarini hata kabla sijamaliza, kama vile mimi ni mgeni. Nimezaliwa hapa. Sijawahi kuiona hiyo bara. Jumanne watu hawa waliniita ndugu. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo kwa lugha ile."

"Walikuita ndugu kwa sababu walikuwa wanatafuta mtu wa kumbebesha!"

Maneno yalishanitoka. Nikaziba mdomo nimechelewa.

Yule wa jikoni alisimama mlangoni na kisu cha kukatia mifupa ya nguruwe. Thiam alikohoa, akatazama sakafu.

Chin-hok hakukasirika. Aliniangalia kama fundi anavyoangalia msumari uliochomoza.

"Dada wa rangi ana mdomo," alisema.

Nikajua nimekwisha. Na mtu akishajua amekwisha, akili yake hufanya kazi mara moja ya mwisho kwa kasi ya ajabu.

"Kaka Mkubwa," nilisema, "tusigombane wanadamu. Kiapo si chako wala si changu, ni cha Bwana Kuan. Basi aulizwe. Vibao vyake vya kuulizia si hivyo hapo? Kijana aombe kufunguliwa kiapo. Mungu akisema ndiyo mara tatu mfululizo, tunakwenda zetu. Akikataa, mimi mwenyewe nitampeleka kituoni nimemshika mkono."

Chin-hok aliacha kumenya njugu.

Msomaji wangu, nilimwona akitafuta njia ya kukataa, na nikamwona akiikosa. Wanaume wake saba walikuwa wanamtazama. Bosi anaogopa polisi, sawa, kila mtu anaogopa. Lakini bosi anayeogopa mungu wake mwenyewe aulizwe, huyo nani atamfuata tena?

"Vizuri," alisema mwishoni. "Arushe yeye."

Yen-ping alipiga magoti. Bwana Kuan alikuwa juu yake, uso mwekundu, ndevu mpaka kifuani, macho yametazama chini. Nilimpa vile vibao viwili vya mbao vilivyochongwa kama mwezi mchanga, upande mmoja bapa, upande mmoja wenye mgongo. Vikianguka kimoja bapa juu na kimoja mgongo juu, mungu amekubali. Migongo yote juu, amekataa.

Alianza kwa Kitaiwani. Jina alilitaja. Siku ya kuzaliwa aliitaja. Alipofika kwenye kuomba afunguliwe, neno likamkwama. Akarudi nyuma, likamkwama tena.

"Bwana Kuan hajasoma shule, dogo!" alipiga kelele mmoja wa wale wanaume. "Ongea kama mtu!"

"Mletee kamusi!"

"Mletee mama yake!"

"Nyamazeni!" Ilikuwa sauti ya Bi Hsiung. Alikuwa amesimama, mfupi vile, na shati lake limelowa jasho. "Bwana Kuan mwenyewe alizaliwa wapi? Si bara? Tena kaskazini kabisa! Kitaiwani alijifunza kwa nani, kwenu? Kama mwanamume ni lugha, basi anzeni na yeye aliye juu hapo!"

Mmoja wao alitaka kucheka, akajizuia. Wengine walitazamana. Nadhani hakuna aliyewahi kuliwaza jambo hilo maisha yake yote.

"Mwacheni aombe kwa lugha ya kwao," alisema Chin-hok.

Yen-ping akaomba kwa Kimandarini, kwa sauti ya chini, lugha aliyoimbiwa akiwa mtoto. Akarusha.

Kimoja bapa. Kimoja mgongo. Ndiyo.

Akarusha tena. Vibao viligonga sakafu, kimoja kikazunguka kwenye ncha, kikazunguka, kikalala.

Ndiyo.

Bi Hsiung alinishika mkono, kucha zake zikaniingia. Bado mara moja. Nilianza kuhesabu hatua kutoka pale mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka kwa muuza mapera. Yen-ping alifumba macho, akarusha mara ya tatu.

Vyote viwili vilianguka bapa juu.

"Mungu anacheka!" alisema Chin-hok, na yeye akacheka, na wanaume wake wote wakacheka kwa ahueni. "Mnajua maana yake. Swali lako bovu, mdogo wangu. Hujauliza kinachotakiwa. Haya, uliza upya, mara moja tu, halafu tuondoke. Saa nane inakaribia."

Bi Hsiung aliniachia mkono. Nikaona Yen-ping anavyotetemeka, mabega yake yote yale mapana yakitikisika chini ya shati. Sasa hakuwa mwanamume wa sinema wala wa genge. Alikuwa mtu anayeogopa, kama mimi. Na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Alivikusanya vibao. Akainua uso.

"Bwana Kuan," alisema, "aende yule aliyepiga?"

Kicheko kilikatika.

Akarusha. Ndiyo.

"Inatosha," alisema Chin-hok.

Akarusha. Ndiyo.

"Nimesema inatosha!"

Lakini vibao vilishakuwa hewani. Viligonga sakafu, vikatulia.

Ndiyo.

Mara tatu mfululizo. Kila mtu alimgeukia Thiam, na mimi nikamwonea huruma. Jitu lile lilitoka kitini likaanguka kwa magoti yote mawili, likalia kwa sauti.

Lakini halikumwangalia mungu. Lilimwangalia Kaka Mkubwa.

"Kaka," alisema Thiam, "umesikia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika usukani tu. Nilikubali kwa ajili yako. Wiki nzima nakubali, sili, silali. Lakini mungu amesema, Kaka. Tena kuna mama muuza mboga pale sokoni, aliona. Ameshawaambia polisi alichoona. Kovu. Kovu kutoka kwenye nyusi mpaka sikioni. Mimi nina kovu wapi?"

Hakuwa na kovu. Wale wengine sita hawakuwa na kovu. Sikuhitaji kugeuka kumwangalia mwenye nalo, maana kovu la Chin-hok nililijua kuliko alivyolijua mama yake. Wiki tatu nilikuwa nikiliibia macho, jinsi linavyomeza nyusi ya kushoto na kujikunja shavuni mpaka sikioni, nikitamani na mimi siku moja nitengeneze zuri kama lile.

Basi ukumbi mzima ulishajua. Bosi alipiga risasi kwa mkono wake mwenyewe, akamtupia Thiam, kisha akaona kesi za nyuma zitamzamisha Thiam, akamtafuta mwingine. Na sisi watatu, watu wa nje, tulikuwa tumesikia kila neno. Nilijilaumu kwa kutaja vibao. Kabla ya vibao tulikuwa na tatizo la mtu mmoja. Sasa tulikuwa watatu.

Chin-hok akainuka, akawasha vijiti vitatu vya udi, akainama mbele ya Bwana Kuan mara tatu, akavichomeka kwenye jivu. Alipogeuka alikuwa anatabasamu.

"Mungu amesema aende aliyepiga," alisema. "Kuna mtu hapa atabishana na mungu?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Basi ataenda. Yule mama wa mboga atasimama nyuma ya kioo dakika mbili, aonyeshe kidole, aweke sahihi. Aliyepiga ana kovu, na yeye ataona kovu. Baadaye mdogo wangu anawe uso atakavyo." Akanigeukia. "Dada wa rangi, umeniangalia wiki tatu. Ulidhani sioni? Nitolee uso wangu, umvike huyu."

"Huwezi!" alisema Bi Hsiung. "Unamdanganya mungu mbele ya macho yake!"

"Bi Mwongozaji, hiyo si ndiyo kazi yenu?"

Akatikisa kichwa kidogo, na watu wawili wakamshika Bi Hsiung mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakaenda naye jikoni. Hawakumpiga. Walimwambia kwa heshima, "Mama, pita huku." Mwenye kisu aliwafuata, akafunga mlango.

"Atakunywa chai na vijana mpaka magazeti ya jioni yatoke," alisema Chin-hok. "Yakitoka na picha nzuri, mnarudi nyumbani. Kazi yako ikiwa mbaya, dada, hasara ni ya mwongozaji wako."

Wakamkalisha Yen-ping kwenye kiti karibu na dirisha, penye mwanga. Wakaniletea sanduku langu. Niliwaza kusema sina gundi ya makovu. Walilifungua wenyewe, na gundi ilikuwa juu kabisa, chupa nzima.

Nilichukua pamba, nikailowesha, nikamwinamia nianze kumsafisha jasho. Pamba ilimgusa puani badala ya shavuni. Alinukia udi na hofu.

Midomo yake haikusogea. Neno lilitoka kwa pumzi tu, Kimandarini, karibu na sikio langu.

"Kosea, dada."

Mkono wangu ulisimama.

Nikosee. Kovu liende sikio la kulia, au liishie nusu, yule mama wa mboga atikise kichwa na kusema siye. Yen-ping arudi kwa baba yake. Na Bi Hsiung, aliye nyuma ya ule mlango na kile kisu? Nilimwangalia Yen-ping machoni, naye akaniangalia, na nikaona kwamba jibu hata yeye halijui.

Nyuma yangu kiti cha plastiki kiliburutwa sakafuni.

Chin-hok alikuja akakaa ubavuni mwa Yen-ping, karibu kabisa, akamshika bega kindugu. Akaweka shavu lake lenye kovu sambamba na lile shavu safi, akainua kioo changu cha mkononi mpaka sote watatu tukaingia ndani yake. Akaniangalia humo.

"Anza, dada," alisema taratibu. "Lakini kwanza niambie. Mdogo wangu amekunong'oneza nini?"